Sura ya Sita: Kijiti Kisichoonewa Huruma

Nyumba ikifika kwenye dari, seremala huitwa kupasua mbao, na katika Dodoma ya leo anaitwa kila siku ya Mungu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhama kweli kweli mwaka 2016, na tangu hapo viwanja vya Ilazo, Nkuhungu, Nzuguni na Mtumba vimejaa misingi na matofali. Kila nyumba inataka fremu, milango na kenchi, na chini ya kenchi inataka mbao za 2x2 za kushikilia jipsamu. Mwenye duka la mbao anauza 2x4 za msonobari. Fundi anazibeba hadi karakana, anazipitisha kwenye msumeno wa mashine, moja inakuwa mbili.

Mpasuo huo ndio unaokula vidole. Hauhitaji ujuzi mkubwa, unarudiwa kutwa nzima mpaka akili inakwenda kwingine, na mkono unasogea karibu mno na meno. Pima mwenyewe, mashine ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa. Sogeza ubao wa mwongozo hadi inchi mbili kutoka kwenye msumeno. Umebakiza nafasi ya milimita 50. Kiganja cha mtu mzima, bila kuhesabu kidole gumba, kina upana wa milimita 80 hadi 90. Kwa hiyo mbao ikifikia mwishoni, mkono hauna pa kupita. Fundi anaupitisha hivyo hivyo: anakunja vidole vitatu, anabakiza viwili vya kusukumia, kidole gumba kinaning'inia upande wa meno. Nimewaona mafundi hodari wakifanya hivyo huku simu imebanwa begani.

Dawa yake ni kipande cha mbao. Mafundi wengi wanakijua kijiti cha kusukumia, walifundishwa chuoni au walikiona kwa fundi aliyewalea. Swali ni kwa nini hakiko mkononi wakati msumeno unaunguruma. Nadhani jibu liko zaidi katika namna kilivyotengenezwa na mahali kinapokaa kuliko katika ukaidi wa fundi.

Kwanza tuuelewe msumeno wenyewe. Mota ya nguzo mbili kwenye umeme wetu wa hetsi 50 huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Ukiiunganisha moja kwa moja na msumeno wa inchi 12, jino lililo pembeni linakwenda mita 45 na ushee kila sekunde, yaani kama kilomita 164 kwa saa. Treni ya umeme ya SGR iliyoanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa. Basi jino la msumeno ulio mbele ya tumbo lako linakimbia sambamba na treni hiyo. Mtu akishtuka, mkono wake unahitaji takriban sehemu moja ya tano ya sekunde kabla haujaanza kurudi nyuma. Katika muda huo msumeno umeshazunguka mara tisa na nusu. Kama una meno 40, meno 380 yameshapita. Ndiyo maana simwamini fundi anayesema yeye ana mkono mwepesi.

Hatari ya pili haihusu vidole peke yake. Meno ya mbele ya msumeno yanashuka kuelekea mezani, yanaibana mbao chini, na hayo hayana neno. Meno ya nyuma yanapanda. Mbao ikipinda kidogo ikayagusa, inanyanyuliwa na kurushwa kumwelekea aliyesimama nyuma yake, kwa kasi inayokaribia ile ya meno yenyewe. Mkono uliokuwa umeilalia unavutwa pamoja nayo au unaporomokea msumenoni. Watu wengi waliokatwa hawakupeleka mkono kwenye meno. Mbao ndiyo iliyoondoka ghafla chini ya mkono.

Hapa ndipo ukame wa uwanda wa kati unapoingia katika habari hii. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni upepo na jua. Msonobari wetu mwingi unatoka nyanda za juu kusini, katika mashamba kama Sao Hill kule Mufindi, na mara nyingi unapasuliwa mbichi, unapakiwa lori, unapita Mtera ukiwa bado unatoka maji. Unashushwa katika hewa hii kavu na kupangwa juani. Ngozi ya mbao inakauka upesi na kukaza, kiini kikiwa bado na unyevu. Kwa macho mbao imenyooka. Ndani inavutana. Unapoipasua katikati unaachia mvutano ule, na vile vipande viwili vinafanya vinavyotaka: vinaachana, au vinafumbana na kuubana msumeno kwa nyuma. Fundi aliyezoea mbao za pwani akija kufanya kazi hapa mwezi wa Septemba hushangaa mashine inavyomng'ang'ania.

Mashine zenye kisu cha nyuma, kile kibati kinachosimama nyuma ya msumeno kuzuia mpasuo usifumbe, zinapunguza balaa hilo. Lakini mashine nyingi za karakana zetu zimechomelewa hapa hapa mjini, kwa chuma cha pembe na mota iliyonunuliwa peke yake, na kisu hicho kimesahauliwa. Kama yako haina, peleka kwa mchomeleaji kabla hujasoma mbele. Unene wa kibati uzidi kidogo unene wa bati la msumeno, usifikie upana wa mpasuo wenyewe. Halafu rudi tuendelee na kijiti.

Kijiti rahisi kuliko vyote ni fimbo ya urefu wa milimita 450 hivi yenye mdomo wa ndege mwishoni, yaani pengo la pembe mraba linalokaa kwenye ukingo wa juu wa kichwa cha mbao: upande mmoja wa pengo unasukuma, wa pili unagandamiza. Kinakatwa kwa dakika chache. Kasoro yake ni kwamba kinashika mbao mahali pamoja tu, kule mwishoni kabisa. Mbele mbao iko huru kunyanyuka. Kwa mbao nene na nzito hakina ubaya. Kwa 2x2 za msonobari unaovutana, mimi sikipendi kikiwa peke yake. Kinafaa sana kama kijiti cha pili, cha mkono wa kushoto, cha kuibana mbao dhidi ya mwongozo. Nacho kishike mbao kabla ya msumeno tu. Ukiibana pembeni mwa msumeno au nyuma yake unaufumba mpasuo kwa mkono wako mwenyewe.

Kijiti cha kazi, kwa maoni yangu, ni kiatu. Kina soli ndefu inayolala juu ya mbao na kisigino kifupi kinachoshika kichwa chake, hivyo kinasukuma na kugandamiza kwa wakati mmoja, na mkono unakaa juu, mbali na meno. Tukitengeneze.

Chukua plaiwudi ya milimita 18. Kwenye maeneo ya ujenzi utapata masalia ya marini bodi zilizotumika kumwagia zege, nayo ni plaiwudi nzuri, ila yasugue kwanza na uyakague kipande kwa kipande, maana zege iliyogandia na misumari iliyovunjikia ndani vitakula makali ya msumeno wako. Kwa nini plaiwudi? Kwa sababu ya kisigino. Ukikata kiatu kwenye mbao ya kawaida, nyuzi zinakwenda na urefu wa soli, na kisigino kinachojitokeza chini kinabaki kimeshikiliwa na nyuzi fupi za milimita chache. Ukisukuma kwa nguvu kinabanjuka, na kinabanjuka pale pale ulipoweka uzito wako wote. Tabaka za plaiwudi zimepishana, kwa hiyo hakina njia rahisi ya kupasukia. MDF iache, inamung'unyuka. Chuma usikifikirie kabisa. Kijiti lazima kiwe kitu ambacho msumeno ukikigusa unakikata tu na kuendelea na safari yake.

Chora mstatili wa urefu wa milimita 300 na kimo cha milimita 150. Upande wa chini ndio soli, unyooshe kwa randa. Nyuma acha kisigino kiteremke milimita 6 chini ya soli, si zaidi. Kikiwa kirefu kuliko unene wa mbao unayoipasua, kitakwaruza meza na soli itaelea hewani bila kugandamiza chochote. Kwa 2x4 hilo halina shida, lakini siku utakapopasua ubao wa nusu inchi utafurahi kwamba ulikiacha kifupi.

Mpini ndio unaotenganisha kiatu kinachotumika na kile kinachotupwa uvunguni. Usiubuni kichwani. Chukua msumeno wako wa mkono, ulaze mpini wake juu ya plaiwudi, uzungushie kalamu. Mikono ya mafundi imeukubali mwinamo ule kwa miaka mingi, na unasukuma mbele na chini kwa pamoja. Mahali pake ni kama theluthi moja ya urefu kutoka kisiginoni. Ukiusogeza nyuma juu ya kisigino, ncha ya mbele ya soli inanyanyuka na mbao inapata nafasi ya kuruka. Ukiusogeza mbele sana, kisigino ndicho kinachopanda na kuteleza. Kata kwa jigiso au msumeno mwembamba wa mkono, kisha chukua tupa na msasa uondoe kila kona inayogusa kiganja. Usiharakishe hapo. Mpini unaochoma kiganja utaachwa mezani baada ya mbao ya kumi, na mbao ya kumi na moja itasukumwa kwa vidole.

Usipige msumari wala skrubu popote karibu na soli. Ukitaka kuunganisha kitu tumia gundi ya mbao. Jino lenye ncha ya kabaidi likikutana na skrubu linaweza kung'oka, na hakuna ajuaye litaelekea wapi.

Toboa tundu juu ya mpini la kutundikia, paka rangi inayoonekana, nyekundu au ya machungwa, kwa sababu katika karakana yenye vumbi la mbao kila kitu kinakuwa rangi moja ifikapo saa nne asubuhi. Ndoano yake iwe kwenye mashine yenyewe, upande unaosimama, mahali ambapo mkono unafika bila wewe kupiga hatua wala kuinama juu ya msumeno. Ukutani ni mbali. Kabatini ni kama hakipo.

Nasema kabatini kwa sababu nimekikuta huko. Katika karakana moja ya mjini hapa nilioneshwa kiatu cha mninga, kimerandwa na kupigwa vanishi, mpini wake umechongwa kwa vidole vinne, kazi ya kumsifia mtu. Kilikuwa kimefungiwa pamoja na rauta. Nikamuuliza fundi, "Sasa fundi wangu, mbona hiki kipo humu na vijana wanasukuma kwa mikono?" Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Mzee, hicho si kitaliwa na mashine?"

Alikuwa amesema kweli yote bila kukusudia. Kiatu kinatengenezwa ili kiliwe. Unapopasua kipande chembamba sana, cha kuzibia dari pembeni mwa ukuta kwa mfano, nafasi kati ya mwongozo na msumeno inaweza kuwa ndogo kuliko unene wa kiatu, na hapo msumeno unapita ndani ya soli. Ni sawa kabisa. Msumeno umeinuliwa kidogo tu juu ya mbao, kwa hiyo unakata mfereji chini ya soli, huku mkono ukiwa juu kabisa. Baada ya wiki mbili tatu soli ina mifereji na kisigino kimebaki nusu. Tupa, tundika kingine. Kwa hiyo kila uzuri unaokiongezea kijiti unakipunguzia matumizi. Mninga umetoka Tabora au Katavi na bei yake unaijua, nani atausukumiza kwenye meno kwa moyo mweupe? Plaiwudi yenye madoa ya zege haina wa kuililia.

Kuna wanaotaka uzuri na matumizi pamoja, nao wana njia yao: wanachonga mfereji nyuma ya kiatu na kuchomeka kisigino cha kipande cha msonobari, kinachogongwa kutoka kikiisha. Njia nzuri. Ila katika karakana yenye vijana sita na oda ya nyumba tatu, sijaona anayekaa kubadilisha visigino.

Wako watakaosema kijiti ni ujanja wa maskini, na kwamba wenzetu walioendelea wana mashine zinazojizuia zenyewe. Mashine hizo zipo. Mmarekani Steve Gass, mwanafizikia aliyekuwa mwanasheria wa hataza, alibuni mwaka 1999 msumeno unaohisi ngozi ya binadamu na kusimama ndani ya milisekunde tano, yaani sehemu tano tu katika kila elfu za sekunde moja. Zilianza kuuzwa mwaka 2004 kwa jina la SawStop. Mtu anayefanya kazi kwenye mashine hiyo bado anafundishwa kushika kijiti, maana kinga ile haizuii mbao kuruka. Uingereza ilikiweka kijiti katika kanuni zake za mashine za mbao mwaka 1922: kila msumeno wa duara unaolishwa kwa mkono uwe na kijiti chake hapo hapo mezani. Kanuni za mwaka 1974 zikaongeza kwamba katika milimita 300 za mwisho za mpasuo, kinachosukuma kiwe kijiti. Ni kipimo kizuri cha kukumbuka hata kwetu. Chora mstari mwekundu mezani, milimita 300 mbele ya msumeno. Kichwa cha mbao kikivuka mstari, mkono unabaki nyuma na kiatu kinaendelea.

Kwetu ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015. Mwenye ajira rasmi akikatwa kidole ana mlango wa kugonga. Kijana anayelipwa kwa kipande, asiye na mkataba wala jina kwenye daftari lolote, ana kazi kubwa ya kuthibitisha kwamba hata alikuwepo pale siku hiyo. Karakana nyingi za dari na milango zinaendeshwa na vijana wa namna hiyo. Kwao kiatu cha plaiwudi ndicho bima iliyo karibu.

Jambo moja ambalo kiatu hakiliwezi ni umeme unaokatika. Mashine inazimika mbao ikiwa katikati ya msumeno, karakana inanyamaza, na fundi anaingiza mkono kuondoa vumbi na vipande vilivyokwama. Kisha umeme unarudi. Kama swichi ni ile ya ukutani ya kuwasha na kuzima, mashine inaanza yenyewe. Iko swichi ya sumaku inayoachia umeme ukikatika na kusubiri mpaka mtu abonyeze upya, na fundi umeme yeyote anaweza kuifunga. Usipokuwa nayo, zoea kuzima swichi mara tu mlio unapokata, kabla hata hujalalamika. Vipande vilivyokwama viondoe kwa ile fimbo ya mdomo wa ndege hata mashine ikiwa imelala.

Sasa suala la idadi. Usitengeneze kiatu kimoja. Kata kwanza kiolezo kimoja kwa uangalifu wote, chenye vipimo sahihi na mpini ulioujaribu kwa mikono ya watu watatu tofauti, kwa kuwa mkono wa dogo aliyeanza kazi Januari si sawa na wako. Halafu siku ambayo hakuna oda, chukua masalia ya plaiwudi, yachore kwa kiolezo hicho na ukate kumi au kumi na viwili kwa mpigo. Viwili ning'iniza kwenye mashine, kimoja cha mkono wa kulia na kimoja cha akiba, vingine viweke kwenye ndoo pembeni. Usimfokee anayerudisha kilichoharibika, mpe kingine. Kiolezo chenyewe kiandike KISITUMIKE kwa kalamu ya wino mzito na ukifiche mbali na mashine, maana siku ndoo itakapokuwa tupu dogo atakishika hicho hicho.